Mti Unaofundishwa Kupinda: Utengenezaji na Upimaji wa Upinde wa Mti Mmoja

Kiswahili kina majina mawili kwa silaha moja. La kwanza ni uta, neno kongwe ambalo wasemaji wa Kikamba na Kikikuyu wanalo pia, na ambalo Washona wa Zimbabwe wanalitumia vivyo hivyo, kiasi kwamba wanaisimu wamelihesabu miongoni mwa maneno ya urithi wa pamoja wa lugha za Kibantu. La pili ni upinde, ambalo limetokana na kitenzi kupinda, na ndilo lililoenea zaidi leo. Jina la kwanza linakitaja chombo tu, ilhali la pili linaitaja kazi yake, na kwa hiyo ndilo litakaloongoza mazungumzo haya, kwa kuwa mtu anayetaka kutengeneza upinde nyumbani kwa mikono yake hana kazi nyingine isipokuwa kuufundisha mti kupinda, kuufundisha kupinda sawasawa kila mahali, na kuhakikisha kwamba ukiachiwa unarudi.

Aliye mgeni wa kazi hii hudhani kwamba upinde hutengenezwa kwanza na kujaribiwa baadaye, kama chungu kinavyofinyangwa, kikachomwa, kisha kikatiwa maji ili ionekane kama kinavuja. Dhana hiyo imevunja pinde nyingi. Katika upinde wa mti mmoja, kupima kunaanza siku mti unapokatwa na hakuishi mpaka siku upinde unapostaafishwa, na kila mkwaruzo wa kisu ni jibu kwa swali lililoulizwa na kipimo kilichoutangulia. Jambo hilo ndilo kiini cha yote yatakayosemwa hapa.

Ni vyema kwanza istilahi chache zieleweke. Upinde wa mti mmoja ni ule uliochongwa kutoka katika kipande kimoja cha mti bila kuunganishwa kwa gundi na pembe au kano, tofauti na pinde za Waturuki na Wamongolia ambazo ni mchanganyiko wa vitu hivyo vyote. Katikati yake pana mshiko, mahali pa kukamatia. Sehemu mbili zinazotoka kwenye mshiko kwenda kwenye ncha huitwa mikono. Uso unaoielekea shabaha huitwa mgongo, na uso unaomwelekea mpigaji huitwa tumbo. Upinde unapovutwa, nyuzi za mti zilizo mgongoni hunyooshwa na zile za tumboni hugandamizwa, na kati yake hubaki tabaka jembamba ambalo halinyooshwi wala haligandamizwi. Mti kwa kawaida hustahimili kunyooshwa kuliko kugandamizwa, lakini namna ya kushindwa kwake katika pande hizo mbili ni tofauti kabisa. Mgongo ukishindwa, upinde hukatika ghafla, mara nyingine kwa mlio wa kutisha na vipande vikaruka. Tumbo likishindwa, huota vikunyanzi vidogo vinavyokata nyuzi za mti kwa upana, au upinde mzima hubaki umejikunja hata baada ya ugwe, yaani kamba ya upinde, kuondolewa, hali ambayo hapa itaitwa mpindo wa kudumu. Fundi huogopa shindo la kwanza kwa sababu ya usalama wake, lakini ni ugonjwa wa pili, ule wa kimyakimya, unaoharibu pinde nyingi zaidi.

Kuhusu uteuzi wa mti, wengi huuliza kwanza jina la mti, ilhali swali lenye uzito zaidi ni jinsi nyuzi zake zilivyolala. Ni kweli kwamba iko miti iliyosifika: Ulaya ya kaskazini ilitumia mwelm tangu zamani sana, kama zinavyothibitisha pinde za Holmegaard nchini Denmark, zilizofukuliwa mwaka 1944 na zenye umri wa takriban miaka 9,000, kisha Waingereza wakautukuza myew, huku Afrika ya Mashariki, mkole, kichaka kigumu cha nyika chenye nyuzi ndefu zinazokubali kupinda, umetoa pinde, mishale, bakora na mipini ya zana kwa vizazi vingi. Lakini mkole uliosokotwa utavunjika, na mti usio na sifa yoyote lakini ulionyooka utadumu. Njia rahisi ya kutambua msokoto ni kuchunguza mipasuko ya gome kabla ya kukata, kwa sababu mipasuko ikizunguka shina kama kamba, nyuzi za ndani nazo zinazunguka, na hakuna kisu kitakachozinyoosha.

Hapa nyika ina faida ambayo mafundi wa nchi za baridi wanaitafuta kwa jasho. Mti wa nchi zenye majira ya baridi huwa na pete za ukuaji, yaani mistari ya duara inayoonyesha mwaka hata mwaka, na fundi wa huko akitumia shina kubwa hulazimika kuifuata pete moja kutoka ncha hadi ncha ili mgongo wa upinde usikatwe nyuzi. Miti mingi ya kwetu haina pete zinazoonekana vizuri. Ukikatwa mche mwembamba wenye unene wa mkono wa mtoto, kiasi cha sentimita 4 hadi 6, na gome likamenywa kwa uangalifu, uso unaobaki chini ya gome tayari ni tabaka moja zima la nyuzi ambalo halijakatwa popote, na uso huo ndio huwa mgongo. Fundi hapaswi kuugusa tena kwa chuma. Kazi yote ya kuchonga hufanywa upande wa tumbo na ubavuni, na penye kifundo huachwa mti zaidi kidogo kukizunguka, kwa sababu nyuzi hupita pembeni mwa kifundo kama maji yanavyopita pembeni mwa jiwe.

Kukausha ndiko kunakowashinda wenye haraka. Mti mbichi hupinda kwa urahisi lakini haurudi, na mti uliokauka kupita kiasi hurudi kwa nguvu lakini huvunjika. Kiasi kinachofaa ni pale maji yaliyobaki ndani ya mti yanapokuwa kati ya asilimia 8 na 12 ya uzito wa mti mkavu. Hakuna haja ya kifaa cha gharama kukijua kiasi hicho kwa makadirio ya kutosha. Ncha zote mbili hupakwa rangi au nta ili zisipasuke kwa kukauka haraka kuliko katikati, mti hulazwa kivulini penye hewa, na kila baada ya siku chache hupimwa kwenye mizani ya jikoni na uzito ukaandikwa. Uzito unapoacha kushuka wiki nzima, mti umelingana na hewa ya mahali ulipo. Yafaa kusisitiza maneno hayo ya mwisho, kwa sababu hewa ya Mombasa au Dar es Salaam, yenye unyevu mwingi karibu mwaka mzima, haiwezi kuukausha mti kufikia kiwango ambacho hewa ya Voi au Dodoma itaufikisha wakati wa kiangazi. Fundi wa pwani ambaye upinde wake unachoka mapema asiulaumu mti kabla ya kuulaza juu ya dari penye joto kwa majuma kadhaa.

Baada ya hapo umbo hukatwa kwa panga na tezo, kisha hulainishwa kwa randa au tupa, na mwishoni kwa kisu kinachoshikwa wima na kukwangua badala ya kukata. Kanuni moja ya fizikia hutawala hatua hii yote. Ugumu wa mkono wa upinde huongezeka sambamba na upana wake, ili upana ukirudufiwa ugumu nao urudufike; lakini kwa unene ugumu huongezeka kwa mchemraba, yaani unene ukirudufiwa ugumu huwa mara nane. Kwa upande mwingine, unene ukipunguzwa kwa sehemu moja tu ya kumi, ugumu hupungua kwa zaidi ya robo. Ndiyo maana mikwaruzo michache iliyozidi mahali pamoja inaweza kugeuza upinde wenye nguvu kuwa fimbo ya kuchezea watoto, na ndiyo maana pia fundi mzoefu, akifika mwishoni, huweka kando tupa na kushika kipande cha kioo au karatasi ya msasa. Neno hilo msasa lenyewe ni kumbukumbu ya kazi za mikono za kwetu, kwani kabla ya karatasi ya dukani, maseremala walisugulia mbao kwa majani makavu, yenye ukali kama ulimi wa paka, ya mti uitwao msasa.

Umbo la mkato wa mkono, kwa maana ya sura inayoonekana mkono ukikatwa kwa upana, limeleta mjadala. Pinde ndefu za Waingereza zilikuwa na tumbo la mviringo, na heshima ya zana hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba kwa karne nyingi wapigaji wa Ulaya na Marekani hawakuthubutu kulibadilisha. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Mmarekani, Clarence Hickman, alionyesha kwa hesabu na vipimo kwamba mkono bapa, wenye mkato wa pembenne, hugawa mzigo kwa usawa zaidi, kwa sababu nyuzi zote za tumbo huwa umbali uleule kutoka tabaka la katikati, badala ya nyuzi chache za kilele cha mviringo kubeba mzigo wa zote. Wenyeji wa kale wa Holmegaard walikuwa tayari wakichonga mikono mipana na bapa. Mtu anayetengeneza upinde wake wa kwanza anashauriwa afuate umbo hilo bapa, ikiwa mti wake una upana wa kutosha, na aufanye upinde uwe mrefu kukaribia kimo chake, kwani urefu hupunguza mzigo wa kila sehemu ya mti na husamehe makosa mengi.

Sasa inafuata hatua ambayo ndiyo moyo wa kazi, nayo ni kuusawazisha mpindo. Upinde ukiwa bado mzito kuliko unavyokusudiwa, mikato midogo huchongwa kwenye ncha, kamba ndefu isiyokaza hufungwa, na mshiko huwekwa juu ya kigingi kilichokazwa ukutani, ili kamba ivutwe kuelekea chini huku fundi akisimama mbali na kuitazama mikono yote miwili kwa pamoja. Kutazama huko kwa mbali hakuna mbadala, kwa sababu aliyeushika upinde mkononi hauoni mpindo wake. Kinachotafutwa ni tao linalotiririka bila kituo kutoka karibu na mshiko hadi karibu na ncha. Mahali panapobaki pamenyooka ni pagumu, na hapo ndipo pa kukwanguliwa; mahali panapokunjika kuliko jirani zake, kama bawaba ya mlango, ni pa hatari, na hapo hapaguswi kamwe, bali hupunguzwa mti kila mahali pengine mpaka pengine pote papafikie. Alama za penseli tumboni husaidia, kwa kuwa jicho husahau haraka mahali lilipoona kosa.

Mafundi wana masharti mawili katika hatua hii, na yote mawili yana sababu za kimaumbile. Sharti la kwanza ni kwamba kila baada ya kukwangua, upinde huvutwa kidogo mara ishirini au thelathini kabla ya kutazamwa tena, kwa kuwa mti hauonyeshi mara moja mabadiliko yaliyofanywa juu yake. Sharti la pili ni kwamba upinde hauvutwi hata mara moja kupita uzito uliokusudiwa mwishoni, wala hauvutwi mbele zaidi ukiwa na kosa lililokwisha kuonekana. Ikiwa upinde unakusudiwa kuwa na nguvu ya kilo 20, basi mizani ya ndoano inayofungwa kwenye kamba ikisoma kilo 20, mkono husimama, hata kama ncha zimesogea kwa upana wa kiganja tu. Mti hupunguzwa, kisha kilo 20 hizohizo hufika mbali zaidi kidogo, na hivyo hatua kwa hatua mpaka urefu kamili wa mvuto. Nyuzi za tumbo zinazogandamizwa kupita kiwango chake mara moja hazisahau, na mpindo wa kudumu hauondoki kwa kupumzishwa usiku mmoja.

Yeyote anayeona kwamba masharti haya ni ya maabara na mizani tu afikirie pinde za Wahadzabe, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi na katika Bonde la Yaeda kaskazini mwa Tanzania. Maelezo ya kina ya zana zao yaliandikwa na mwanaanthropolojia Mwingereza, James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, na mkusanyiko wake ulichapishwa na British Museum mwaka 1970. Mwanamume wa Kihadzabe huchonga upinde wake mwenyewe, hunyoosha uti wa mshale kwa kuupasha moto na kuukaza kwa meno, na hutengeneza upote, yaani ugwe wa kano za wanyama, kutokana na wanyama wakubwa kama pundamilia. Pinde hizo si nyepesi. Nguvu ya kuzivuta hufikia kilo 30, ilhali pinde ndogo za jamii za Wasani wa Kalahari, ambao hutegemea sumu itokanayo na mabuu ya mbawakawa, hazifiki hata nusu ya uzito huo. Fundi wa Eyasi hana mizani wala kigingi ukutani, lakini mtoto wa kiume huko hupewa upinde mdogo tangu utotoni, na kila mwaka upinde unaongezeka urefu na nguvu pamoja naye, ili anapokuwa mtu mzima mkono wake na jicho lake vimekwisha kuwa kipimo. Kipimo cha aina hiyo hakinunuliwi, na ni haki kwamba kiheshimiwe kwa jina lake la kweli, ambalo ni elimu.

Kuhusu ugwe pana mambo mawili tu ya kusemwa. Ugwe lazima uweze kustahimili walau mara nne ya nguvu ya upinde, kwa sababu mshale unapotoka, mikono husimamishwa ghafla na ugwe wenyewe, na mshtuko wa kusimama huko ni mkubwa kuliko mvuto wowote. Tena usiwe wenye kuvutika kama mpira, na kwa sababu hiyo nailoni ya kawaida haifai ingawa ni imara, ilhali uzi wa poliesta uliosokotwa nyuzi kumi na mbili au zaidi unafaa. Wazee wa nyika walitumia, pamoja na kano, nyuzi za mmea wa asili wenye majani marefu magumu kama upanga, ambao ndio uliokuwa ukiitwa mkonge kabla ya Mjerumani Richard Hindorf kuuleta Tanganyika mkonge wa Meksiko mwaka 1893. Mgeni alipopandwa mashambani alirithi jina la mwenyeji, na sasa ni wachache wanaokumbuka kwamba mkonge wa kwanza ulifunga pinde.

Kusini-mashariki mwa Kenya, kati ya mto Tana na Tsavo, Wawaata, ambao majirani zao huwaita pia Waliangulu, walikuwa na pinde zilizozidi zote kwa nguvu katika sehemu hii ya Afrika. Walikuwa wawindaji wa ndovu, na ingawa mshale wao ulipakwa sumu ya msunguti, sumu hiyo ilihitaji kuingizwa ndani sana kupitia ngozi nene, kwa hiyo pinde zao ndefu zilipopimwa zilikutwa na nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani zaidi ya kilo 45, uzito unaokaribia ule wa pinde za vita za Waingereza zilizoopolewa kutoka katika meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 juu ya ardhi waliyokuwa wakiwinda, na katika miaka ya 1950 operesheni dhidi ya ujangili iliwafunga wengi wao na kuzitwaa pinde zao. Kulindwa kwa ndovu kulikuwa na sababu, na leo sababu hizo ni nzito zaidi. Hata hivyo inasikitisha kwa dhati kwamba ustadi wa kuusawazisha mti wa kilo 45 bila kuuvunja, ambao haukuandikwa popote na mafundi wenyewe, uliingia katika kumbukumbu za serikali kama kielelezo cha kosa, na kwamba aliyekijua kipimo chake hakuulizwa alikipataje.

Ni lazima pia ielezwe wazi kwamba sheria za sasa haziruhusu upinde kugeuzwa kuwa zana ya kuwindia kiholela. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania inausimamia kwa vibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Upinde unaotengenezwa nyumbani leo ni wa shabaha, na shabaha njema ni gunia lililoshindiliwa matambara, lenye kingo pana na ukuta wa udongo nyuma yake.

Upinde ukiwa umesawazishwa na kufungwa ugwe wake halisi, ambao huachwa umbali wa sentimita 15 hivi kutoka kwenye mshiko, huja upimaji ambao watu wengi huuruka. Mizani ya ndoano hufungwa kwenye ugwe, na usomaji huandikwa kila sentimita 5 za mvuto mpaka mwisho. Namba hizo zikichorwa kwenye karatasi ya miraba, urefu wa mvuto ukiwa chini na nguvu ikiwa wima, mstari unaotokea unasema mengi. Upinde mzuri huchora mstari unaopanda kwa mwendo ule ule karibu mpaka mwisho. Mstari unaoinuka ghafla katika sentimita za mwisho unaonyesha kwamba mikono ni mifupi mno kwa mvuto huo, na kwamba mti unabanwa. Eneo lililo chini ya mstari ndilo nishati iliyowekwa akiba ndani ya mti. Upinde wenye nguvu ya kilo 23 mwishoni, ambazo ni sawa na nyutoni 225, ukivutwa sentimita 56 kutoka mahali ugwe unapopumzika, huhifadhi takriban juli 63, kwa kuwa eneo lenyewe linakaribia kuwa nusu ya zao la namba hizo mbili.

Nishati hiyo haiendi yote kwenye mshale, kwa sababu mikono ya upinde na ugwe navyo vina uzito na navyo lazima visukumwe. Hapo mshale unakuwa nusu ya pili ya kipimo. Uti wa mshale, ambao katika Kiswahili cha zamani huitwa wano, unapaswa kuwa na uzito unaolingana na upinde. Kwa upinde uliotajwa, mshale mzima wenye gramu 32 hivi ni wa salama, na mwepesi sana kuliko huo unakaribia kuwa sawa na kuachia ugwe bila mshale. Kuachia ugwe bila mshale hakuruhusiwi hata mara moja, kwa kuwa nishati yote hurudi ndani ya mti ulioitoa. Wano lazima liwe pia na unyumbufu wa kadiri, kwa sababu upinde wa mti hauna tundu katikati na mshale hupita ubavuni mwake. Picha zilizopigwa kwa kamera za kasi kubwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilionyesha kwamba mshale hujikunja na kujinyoosha kama samaki, ukiuzunguka mshiko bila kuugusa, kisha ukatulia hewani. Wano gumu mno hugonga mshiko na kwenda upande, na lililo laini mno huenda upande wa pili. Anayeona mishale yake yote ikikusanyika mahali pamoja kando ya shabaha asikwangue upinde. Abadilishe mishale kwanza.

Kasi ya mshale inaweza kupimwa kwa simu ya kawaida yenye kinasa sauti. Simu huwekwa chini karibu na mpigaji, mshale hupigwa kwenye shabaha iliyo mita 20, na rekodi huchunguzwa kwenye programu inayoonyesha mawimbi ya sauti, ambapo mlio wa ugwe na kishindo cha shabaha huonekana kama vilele viwili. Ikiwa muda kati yake ni nusu sekunde, hutolewa sehemu sita za mia za sekunde ambazo sauti ilizitumia kurudi kutoka kwenye shabaha, na inayobaki, sekunde 0.44, ndiyo safari ya mshale, sawa na kasi ya mita 45 kwa sekunde. Mshale wa gramu 32 kwa kasi hiyo hubeba juli 32 na ushei. Kwa kuwa upinde ulihifadhi juli 63, nusu imeufikia mshale na nusu nyingine imebaki njiani, matokeo ambayo kwa upinde wa mti mmoja uliochongwa nyumbani ni ya heshima. Fundi anayetaka zaidi hupunguza uzito wa ncha za mikono, kwa sababu ncha ndizo zinazosafiri mbali na kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote, na gramu chache zinazoondolewa hapo zina faida kuliko gramu nyingi zinazoondolewa karibu na mshiko.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mizani. Baada ya mishale mia moja, upinde hufunguliwa ugwe, hulazwa juu ya meza iliyonyooka huku tumbo likiangalia chini, na uwazi ulio kati ya mshiko na meza hupimwa mara moja, kisha hupimwa tena saa moja baadaye. Uwazi wa sentimita 2 au 3 ni wa kawaida. Ukizidi 5 na usipungue baada ya saa nzima, mti ulikuwa mbichi au ulivutwa kupita kiasi, na tumbo lake sharti lichunguzwe penye mwanga, kwa kupitisha ukucha taratibu kutoka mshikoni hadi nchani, mpaka ukucha ukwame mahali kikunyanzi cha kwanza kilipoanza.